Kukata gari nyumbani: Tahadhari na betri

Gari likipata ajali likashindikana kutengenezeka, wengi hulivuta uani kulifungua spea. Simbo kama kwingine, uani ndipo wanapocheza watoto na ndipo penye maji ya kutawadhia.

Hatari kubwa ni betri: mna tindikali inayounguza macho, na risasi inayodumaza akili ya mtoto. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi wa Owino Uhuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, baada ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kuwadhuru.

Basi itoe nzima, ukianza na waya wa hasi. Usiipasue, wala usiyeyushe risasi yake kutengeneza chubwi za nyavu. Oili chafu ikinge kwenye dumu. Kisha oga, badili nguo, ndipo umbebe mtoto.