Je, Wajua? Usingizi wa mtoto mchanga una kanuni zake

Mzazi wa mtoto mchanga huona usiku na mchana vimechanganyika. Hata hivyo, usingizi huo una kanuni zake, na anayezijua huweza kuipanga siku ya mtoto bila kumlazimisha na bila kujilaumu.

JE, WAJUA KUWA…

…mtoto hulala zaidi ya nusu ya siku?
Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2019 unataja saa 14 hadi 17 kwa siku kwa mtoto aliye chini ya miezi 4, na saa 12 hadi 16 kwa wa miezi 4 hadi 11, usingizi wa mchana ukiwemo. Saa hizo huja vipande vipande. Tumbo lake ni dogo na maziwa ya mama humeng'enywa upesi, hivyo mtoto wa wiki chache huamka kunyonya kila baada ya saa mbili au tatu. Huo si ukaidi, ni njaa.

…karibu nusu ya usingizi wa mtoto aliyezaliwa karibuni ni wa macho kucheza?
Kope hutetemeka, midomo hunyonya hewa, mara anatabasamu, mara anaguna. Usingizi huu ulitangazwa mwaka 1953 na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago. Kwa mtu mzima huchukua kama robo tu ya usiku. Basi mtoto akiguna au kujinyoosha, usikimbilie kumnyanyua. Subiri kidogo, huenda bado amelala.

…hazaliwi akijua usiku na mchana?
Melatonini, homoni inayoandaa mwili kulala giza linapoingia, huanza kutengenezwa kwa mpangilio mtoto akifikisha miezi miwili au mitatu. Kabla ya hapo huipata katika maziwa ya mama ya usiku. Ya mchana yana kiasi kidogo mno. Msaidie: mchana fungua madirisha na uache shughuli za nyumbani ziendelee. Usiku punguza mwanga, mnyonyeshe kimya kimya na umbadilishe nepi bila michezo.

…kumnyima usingizi wa mchana humharibia usiku?
Mtoto wa wiki chache huchoka akikaa macho kwa saa moja hivi. Wa miezi 4 hustahimili kama saa moja na nusu hadi mbili. Akipiga miayo, akisugua macho au akigeuza uso, mlaze. Aliyechoka kupita kiasi hulia, hukataa kulala na huamka ovyo. Watoto wengi hulala mchana mara tatu au nne wakiwa na miezi 4, mara mbili wakikaribia miezi 9, na mara moja wakifikisha mwaka mmoja na nusu. Ratiba ifuate umri na dalili zake kabla ya saa ya ukutani.

…kumbeba ukitembea kumepimwa na wanasayansi?
Mwaka 2022 watafiti wa taasisi ya RIKEN ya Japani walieleza kwamba mtoto anayelia hutulia akibebwa kwa mwendo wa dakika tano. Akishalala, kaa naye dakika tano hadi nane ndipo umlaze, kwa sababu mapigo ya moyo wake hubadilika anapoanza kutengana na kifua chako. Bibi zetu wenye mbeleko walikuwa wakiifanya kazi hiyo zamani.

…kuamka usiku si tatizo kila mahali?
Katika miaka ya 1970, watafiti Charles Super na Sara Harkness waliishi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis nchini Kenya. Watoto walilala kando ya mama, wakaamka, wakanyonya, wakalala tena. Usingizi wao wa mfululizo haukurefuka haraka kama wa watoto wa Marekani, na mama zao hawakuona hilo kuwa kasoro.

…kulala chali huokoa maisha?
Uingereza ilianza kuhimiza jambo hili kwa kampeni ya mwaka 1991, Marekani ikafuata mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua sana katika nchi zote mbili. Mlaze chali, mchana na usiku, juu ya godoro gumu lililo tambarare, bila mto wala blanketi zito, ndani ya chandarua chenye dawa. Usilale naye kwenye kochi, wala kitandani ukiwa umekunywa pombe au ikiwa unavuta sigara.

Na zaidi ya yote, usimpe mtoto dawa ya mafua au ya kikohozi ili alale. Inaweza kumdhoofisha pumzi. Akilala kupita kawaida hadi akashindwa kunyonya, au akilia bila kutulizika, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.