Anwani au Jina? Tatizo la Istilahi katika Kueleza Utambulisho wa Maunzi ya Kompyuta

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili istilahi "anwani ya maunzi", yaani namba ambayo kiwanda huitia katika kadi ya mtandao ya kompyuta. Hoja yetu ni kwamba neno "anwani" humpotosha mwanafunzi: humfanya atafute mahali, ilhali kinachotajwa ni utambulisho.

2.0 Jina na Mahali

Mwaka 2012 Wilaya ya Bukombe ilitolewa katika Mkoa wa Shinyanga na kuingizwa katika Mkoa mpya wa Geita. Kwa mkazi wa Ushirombo, mkoa unaotajwa katika anwani ulibadilika. Jina lake halikubadilika. Namba ya maunzi ni ya jamii ya jina. Ina biti 48, ambazo huandikwa kwa alama 12. Kwa kawaida nusu ya kwanza humtambulisha mtengenezaji, naye huipata kutoka taasisi ya wahandisi ya IEEE. Nusu ya pili hutofautisha kadi na kadi. Vivyo hivyo, Msukuma atajwapo kuwa ng'wana, yaani "mtoto wa" fulani, hutajwa chimbuko lake, wala si aliko leo.

3.0 Safari ya Data

Tuchukulie kwamba kompyuta iliyoko ofisini Shinyanga inapeleka data kwa kompyuta iliyoko mgodini Geita. Data hiyo hutiwa, kwa mfano, katika bahasha mbili. Ya ndani ina anwani ya intaneti ya mpokeaji wa mwisho. Ya nje ina namba ya maunzi ya kituo kinachofuata tu. Kwa kuwa Geita iko nje ya mtandao wa ofisi, kituo hicho ni ruta. Kompyuta huuliza mtandao mzima ni nani mwenye anwani ya ruta, nayo ruta hujibu kwa kutaja namba yake. Swichi, ambayo imekwisha kujifunza namba ipi iko katika tundu lipi, huipeleka data kwenye tundu hilo pekee. Ruta huivua bahasha ya nje na kuvisha nyingine, na ndivyo ifanyikavyo katika kila kituo. Kwa hiyo bahasha inayofika mgodini haina tena namba ya maunzi ya kompyuta ya Shinyanga.

4.0 Hitimisho

Inakubalika kwamba namba hii huelekeza data. Lakini hufanya hivyo ndani ya mtandao mmoja tu, kama vile jina litoshavyo kumwita mtu uani, lisitoshe kumpata katika mji mwingine. Aidha, simu nyingi za leo hutumia namba ya kubuni ziingiapo katika mtandao mpya, ili mwenye simu asifuatiliwe. Kinachofichwa hapo ni jina. Tunapendekeza basi istilahi "kitambulisho cha maunzi", na "anwani" ibakie kwa ile inayobadilika kompyuta inapohamia mtandao mwingine.