Moyo Unapodhoofika kwa Urithi

Ziko familia ambazo, anapofariki mtu wa tatu akiwa na miguu iliyovimba na pumzi za taabu, minong'ono huanza kwamba kuna mkono wa mtu. Hatukanushi kuwapo kwa husuda na sihiri, kwani vyote vimetajwa katika Qur'ani. Lakini kabla ya kumtuhumu jirani bila ushahidi, wenye msiba waulizane: marehemu hawa waliungana vipi kwa damu?

Moyo kushindwa kufanya kazi si moyo kusimama. Ni misuli yake kudhoofika isiweze kusukuma damu ya kutosha, maji yakajaa mapafuni na miguuni. Kwa wengi chanzo ni shinikizo la damu la miaka mingi. Wapo hata hivyo wasio na shinikizo wala kisukari, wenye umri wa miaka 30 tu, ambao moyo umetanuka na kulegea. Hapo ndipo nasaba huulizwa.

Ndani ya misuli ya moyo imo titini, protini kubwa kuliko zote mwilini, inayofanya kazi mfano wa springi. Mwaka 2012 watafiti walieleza kuwa karibu robo ya wagonjwa wa moyo uliotanuka unaorithiwa wana jeni ya titini iliyokatika. Mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto, wa kike kwa wa kiume, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Kwa aina hii basi, ndoa ya binamu si ya kulaumiwa. Wala kurithi si lazima kuugua, kwani wapo wanaozeeka nayo salama.

Wakati mwingine ujauzito ndio unaoifichua. Utafiti wa mwaka 2016 ulikuta kasoro hizo hizo kwa baadhi ya wanawake ambao moyo ulidhoofika mwishoni mwa mimba au baada ya kujifungua. Ni wangapi kati ya dada zetu walioambiwa kuwa ni uchovu wa uzazi, au wakarudishwa kwao kama wenye mkosi?

Mmoja akigundulika na moyo uliotanuka pasipo sababu ya wazi, wazazi, ndugu na watoto wake wapimwe hata kama wanajiona wazima. Kipimo cha umeme wa moyo na kile cha mawimbi ya sauti, kiitwacho eko, vinatosha kuanzia. Havina kisu wala maumivu. Kwa walio karibu na Dar es Salaam, ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Aliyegundulika mapema hupewa dawa zinazoupunguzia moyo mzigo.

Kabla ya kwenda, muulizeni shangazi au bibi: nani alifariki ghafla, akiwa na umri gani, nani alivimba miguu, nani alifia uzazini. Andikeni majibu na mumpe daktari. Na wakati wa posa, upande wa pili ukiuliza, msiyafiche.