Mawazo Juu ya Ardhi Yalivyobadilika Loitokitok

Mtu akisimama Loitokitok, penye miteremko ya mlima Kilimanjaro, huona chini yake nchi kavu ielekeayo Amboseli. Huku juu mahindi hustawi. Kule chini mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 350 tu, tena hainyeshi mahali pote sawasawa. Kwa sababu hiyo Wamasai wa zamani hawakuona maana ya mtu kusema, "Ardhi hii ni yangu peke yangu." Ng'ombe walikuwa na mwenyewe, lakini majani yalifuatwa yalikoota. Wala hayakulishwa ovyo. Karibu na boma palitengwa olopololi, malisho ya ndama na ng'ombe wagonjwa, na wazee ndio waliosema ni lini makundi yaingie penye maji ya kiangazi. Wageni waliyaita mawazo hayo ujinga, kumbe yalikuwa hesabu ya mvua.

Hesabu hiyo ilitikiswa na ukame wa 1960 na 1961, ulioua ng'ombe maelfu kwa maelfu katika Kajiado. Tena palikuwa na hofu, maana mapatano ya 1904 na 1911, yaliyowaondolea Wamasai malisho mengi, hayakusahauliwa. Basi sheria ya 1968 ilipoleta ranchi za vikundi, Serikali ilitumaini kwamba wafugaji watapunguza mifugo. Wafugaji wengi walikubali kwa shabaha nyingine: kupata hati, ili ardhi isichukuliwe tena. Kimana, Kuku, Rombo na Imbirikani zikaandikishwa. Karatasi ilikuwa moja, mawazo mawili. Si ajabu kwamba ng'ombe hawakupunguzwa.

Kisha vijana wakakua, wakauliza fungu lao li wapi. Kimana ikagawanywa, kila mwanachama akipata ekari 60 hivi. Aliye karibu na chemchemi alifaidika kwa nyanya na vitunguu. Lakini penye ukavu ekari 60 hazilishi kundi mwaka wa njaa, na ukame wa 2009 ulionyesha hivyo wazi. Siku hizi wako wenye hati waliokubaliana kutoweka ua, mifugo ipite kama zamani.

Wewe unayetaka kuzungushia shamba lako waya, kwanza waulize jirani zako ng'ombe wao walipita wapi mwaka ule wa 2009, na wako walipita kwa nani.