Chama si lazima, makato je?

Mwalimu wa ajira mpya anapopangiwa shule Nsimbo au Mpimbwe, mkoani Katavi, mshahara wa kwanza huja na maswali. Kwenye hati ya mshahara kuna kodi, mchango wa PSSSF na bima ya afya, kisha mstari mwingine: makato ya chama cha wafanyakazi. Kwa walimu, Chama cha Walimu Tanzania (CWT) kimezoeleka kwa asilimia 2. Je, anaweza kulazimishwa kujiunga?

Hapana. Ibara ya 20 ya Katiba inakataza mtu kulazimishwa kuingia chama chochote, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inayanyima nguvu makubaliano yoyote ya kumlazimisha mfanyakazi awe mwanachama.

Haikuwa hivyo siku zote. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, serikali ilivunja TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na kuunda NUTA, chama kimoja cha nchi nzima, ambacho Katibu Mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Pale ambapo nusu ya wafanyakazi walikuwa wameshajiunga, waziri aliweza kuamuru waliobaki nao waingie.

Leo shuruti imeondoka kwenye uanachama, lakini haikuondoka kabisa mfukoni. Chama chenye wanachama zaidi ya nusu mahali pa kazi huwasemea wafanyakazi wote mbele ya mwajiri, na kinaweza kukubaliana naye kwamba hata wasio wanachama wakatwe ada ya uwakala. Hoja yake ina uzito: nyongeza ya mshahara ikipatikana, haimruki yule asiye na kadi.

Ila sheria imeweka mipaka. Ada hiyo isizidi ya mwanachama, ikae kwenye akaunti tofauti, na itumike kwa maslahi ya wafanyakazi wa hapo kazini tu. Sharti la akaunti ndilo la kushikiliwa kwa nguvu zote. Mtu anayelipa bila kuwa na kura ana haki kubwa zaidi ya kuonyeshwa hesabu, na chama kinachomficha hesabu hizo kinamdhulumu.

Kwa hiyo, mwalimu huyo mpya aanze kwa kumuuliza mwajiri: haya makato ni ya nini? Kama ni ada ya uanachama, lazima iwepo fomu aliyosaini mwenyewe, na anaweza kujitoa kwa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja kwa mwajiri na kwa chama. Kama ni ya uwakala, aombe kuona mkataba kati ya chama na mwajiri. Marekani, Mahakama ya Juu ilizuia ada ya namna hii kwa watumishi wa umma mwaka 2018. Tanzania bado ni halali, na asiyeridhika na jinsi inavyokatwa hupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.