Aliyekujibu Kwanza Mtandaoni Huenda Si Kampuni

Katoni 4 za maembe zilitoka Wote, Makueni, Jumatatu asubuhi. Mwaitu alizipeleka mwenyewe kwa ofisi ya vifurushi, akanitumia picha ya risiti kwa WhatsApp. Mimi nilikuwa Kitui mjini nikisubiri. Tangu niache chuo, hiyo ndiyo biashara inayonilipia kodi ya nyumba. Kufikia Jumatano hakuna maembe, simu ya ofisi haishikwi, na wateja wananiuliza, "Vipi, buda?"

Nikafanya kile vijana wengi hufanya. Niliingia ukurasa wa Facebook wa hiyo kampuni, nikamwaga hasira chini ya tangazo lao, hadi nambari ya risiti nikaandika. Hata dakika mbili hazikuisha, inboksi ikalia: "Pole sana mpendwa mteja. Tunashughulikia mzigo wako."

Jina ni lile, nembo ni ile. Manze, nilifurahi kusikizwa.

Wakaomba Sh350 za kuachilia mzigo. Kabla niweke PIN, M-Pesa ikanionyesha jina la anayepokea: jina la mtu, si la kampuni. Niliona, nikapita. Kisha wakasema watanitumia tarakimu sita za kuthibitisha mzigo, niwasomee. Nikawasomea. Kumbe zilikuwa za kufungua WhatsApp yangu. Punde si punde nikafungiwa nje ya akaunti.

Jioni Mwaitu akapiga. "Zile elfu tatu ulizoomba za hospitali zimefika?"

Hizo zilikuwa pesa za kulipa vibarua wa kuchuma maembe.

Mzigo ulifika Alhamisi. Ulikuwa umelala Machakos, nusu umeoza. Wale wa inboksi hawakuwahi kuwa na katoni zangu. Walichokuwa nacho ni malalamiko yangu: jina, nambari ya risiti na hasira, vyote nimeanika hadharani. Wakora hawa hukaa palepale watu wanapolalamika, kwa sababu mwenye shida hachunguzi anayemsaidia.

Kwa hivyo, shika haya.

Kwanza, angalia ukurasa kabla ya kujibu. Ulifunguliwa lini? Una machapisho mangapi? Jina lina herufi moja ya ziada? Nembo si ushahidi. Yeyote anaweza kuipakua. Ukitaka usaidizi, tafuta mwenyewe nambari iliyo kwenye risiti au tovuti ya kampuni.

Pili, soma jina kwenye M-Pesa kabla ya kuweka PIN. Kampuni inayotaka ada haikutumi kwa laini ya mtu binafsi. Jina lisipolingana, kata.

Tatu, tarakimu zinazokuja kwa SMS ni kama ufunguo wa nyumba. Hakuna mhudumu wa kweli anayezihitaji, wala PIN yako. Kwenye mipangilio ya WhatsApp, washa uthibitishaji wa hatua mbili, ili hata mtu akipata zile tarakimu bado akwame kwa PIN uliyoweka.

Nne, Safaricom husema huwapigia wateja kutoka 0722 000 000 pekee. Mwingine akijiita "customer care", kata simu. Meseji za ulaghai zitume kwa 333, ni bure. Ukibonyeza *100*100# unazuia mtu asibadilishe laini yako kwa wakala.

Na ukishaumwa? Sajili WhatsApp yako upya kwa nambari yako. Hilo humtoa aliyeingia. Pigia watu wa nyumbani kwanza, aibu baadaye. Piga picha mazungumzo yote, nenda kituo cha polisi, uandikishiwe OB. Sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya 2018 inampa anayetumia nywila au utambulisho wa mwingine kwa ulaghai faini ya hadi Sh200,000, kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili.

Mimi nilinyamaza saa tatu nzima kwa kuona haya. Ni katika saa hizo tatu ndipo Mwaitu alitumiwa ile meseji.

Siku hizi tuna utaratibu wetu. Nikiomba pesa kwa meseji, yeye hupiga simu na kuniuliza jina la ng'ombe tuliyemuuza ili nilipe karo ya chuo. Hilo haliko Facebook, na mimi siwezi kulisahau.