Uliandika wewe, lakini hadithi ni ya nani?

Na Mwandishi Wetu

KWA mpenzi wa riwaya, ukurasa wa mwisho una uchungu wake. Kitabu kimekwisha, lakini wahusika bado wanatembea kichwani. Wengi hukifunga na kurudi kwenye shughuli zao. Wachache huchukua kalamu na kuendeleza kisa pale mwenyewe alipokiachia.

Wachache hao wakikutana huunda klabu, na klabu ikipata mhariri huzaa jarida. Jarida likianza kupokea hadithi za wanachama kuhusu ulimwengu uleule mmoja wa kubuni, swali moja hujitokeza: hadithi iliyoandikwa na shabiki ndani ya ulimwengu uliobuniwa na mtu mwingine ni mali ya nani?

Hilo si swali la kupitishia wakati. Nchini Marekani liliwahi kuzuia riwaya nzima isichapishwe, na likaharibu uhusiano wa zaidi ya miaka 15 kati ya mwandishi maarufu na wasomaji wake.

Wasomaji wa riwaya za Kiswahili wanamjua Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Tuseme mmoja wa waandishi hao angewatangazia wasomaji wake kwamba nao wanaruhusiwa kuandika visa vya shujaa wake, wampeleke wanakotaka, kisha wamletee asome. Bila shaka barua zingemiminika kutoka Kigoma hadi Mombasa. Hivyo ndivyo alivyofanya Marion Zimmer Bradley.

Mwandishi aliyefungua mlango

Bradley alizaliwa mwaka 1930 mjini Albany, katika jimbo la New York. Kabla ya kuwa mwandishi alikuwa shabiki. Tangu ujana wake aliyaandikia barua majarida ya hadithi za sayansi na kuchapisha vijarida vyake mwenyewe. Aliwahi hata kuandika visa vya kuendeleza ulimwengu uliobuniwa na Mwingereza J.R.R. Tolkien. Kwa hiyo aliijua vizuri kiu ya msomaji anayetaka kisa kiendelee.

Ulimwengu wake mwenyewe aliuita Darkover. Kisa cha kwanza cha Darkover kuchapishwa, The Planet Savers, kilitoka katika jarida la Amazing Stories mwaka 1958.

Darkover ni sayari ya baridi yenye jua jekundu na miezi minne. Wakazi wake ni vizazi vya watu wa Dunia ambao chombo chao cha angani kilipotea njia. Baada ya karne nyingi wamesahau walikotoka. Wanapigana kwa mapanga, wanasafiri kwa farasi, na koo zao kubwa zina kipaji cha kusoma mawazo ya watu. Kisha Dunia inawagundua upya, na ndugu waliopotezana wanakutana huku kila upande ukiwa na desturi na kiburi chake.

Yeyote aliyewahi kurudi kwao baada ya miaka mingi ya ugenini, akakuta ndugu zake wanamtazama kama mgeni, ataona kwa nini ulimwengu huo uliwanasa wasomaji. Wanawake nao walivutwa zaidi na chama cha wanawake wa Darkover walioapa kujitegemea bila kuwa chini ya ulinzi wa mwanamume yeyote, ambacho kilipewa nafasi kubwa katika riwaya ya The Shattered Chain ya mwaka 1976.

Katikati ya miaka ya 1970 wasomaji hao waliunda klabu iliyoitwa Friends of Darkover, yaani Marafiki wa Darkover. Klabu ilikuwa na kijarida cha habari, na mwaka 1978 likaanza jarida la hadithi lililoitwa Starstone. Mwenye ulimwengu mwenyewe alibariki kazi hiyo.

Hadithi kwa bahasha na stempu

Enzi hizo hapakuwa na simu ya mkononi wala intaneti majumbani. Mwanachama aliandika hadithi yake kwa mashine ya taipu, akaitia katika bahasha pamoja na bahasha nyingine yenye stempu na anwani yake mwenyewe, ili mhariri apate namna ya kumjibu. Kisha alisubiri kwa wiki, pengine kwa miezi.

Malipo katika majarida ya mashabiki hayakuwa fedha. Kwa kawaida, hadithi ikikubaliwa mwandishi alipewa nakala ya toleo lililobeba kazi yake, na basi. Majarida yalipigwa kwa mashine za kudurufu au fotokopi, yakauzwa kwa bei ya kurudisha gharama za karatasi na posta.

Faida ilikuwa katika mafunzo. Mwandishi chipukizi hakulazimika kubuni sayari, koo, dini na hali ya hewa kwa wakati mmoja. Vyote vilikuwapo. Yeye alijifunza kujenga kisa, kumfanya mhusika azungumze kama mtu, na kumaliza alichokianza. Tena alikuwa na wasomaji tayari, waliomwambia bila kumwonea haya kwamba mlima alioutaja hauko upande huo wa ramani.

Mwaka 1980 mlango ukapanuka zaidi. Kampuni ya vitabu ya DAW ilitoa The Keeper's Price, mkusanyiko wa hadithi za Darkover zilizoandikwa na Bradley pamoja na mashabiki wake. Sasa shabiki aliyezoea kulipwa nakala moja ya fotokopi aliona jina lake katika kitabu kinachouzwa madukani, na akalipwa. Mikusanyiko mingine ilifuata hadi katikati ya miaka ya 1990.

Matunda yake yanajulikana. Hadithi iliyoupa mkusanyiko huo wa kwanza jina lake iliandikwa na Bradley kwa kushirikiana na Elisabeth Waters, ambaye aliendelea kuwa mwandishi na mhariri. Mercedes Lackey alikuwa na hadithi katika mkusanyiko wa Free Amazons of Darkover wa mwaka 1985. Miaka miwili baadaye alitoa riwaya yake ya kwanza, Arrows of the Queen, katika ulimwengu alioubuni mwenyewe wa Valdemar. Siku hizi ana makumi ya vitabu, na Valdemar nayo ikapata klabu yake ya mashabiki.

Ugomvi wa mwaka 1992

Wengi wa wasomaji wetu wanajua maana ya kurudi na kukuta mtu mwingine amejenga pale ulipoacha shamba. Wanajua pia maana ya kujenga kwa ruhusa ya mdomo, kisha siku moja ukaulizwa karatasi iko wapi. Darkover ilifikia mahali hapo mwaka 1992.

Bradley alikuwa akiandaa riwaya mpya iliyopangwa kuitwa Contraband, yaani Magendo. Wakati huohuo shabiki mmoja alikuwa ameandika kisa kirefu katika jarida la mashabiki, kikihusu kipindi na wahusika walewale. Bradley alikuwa amekisoma.

Kuanzia hapo masimulizi yanagawanyika. Bradley alieleza hadharani mwaka 1993 kwamba alilazimika kuiacha riwaya yake, kwa kuwa mchapishaji aliogopa kushtakiwa na shabiki huyo. Alisema amepoteza kazi ya miaka kadhaa, akaongezewa na gharama za wakili.

Shabiki naye ana maelezo yake. Kwa upande wake, ni Bradley aliyetaka kutumia mawazo yaliyokuwa katika kisa chake, na kwa ajili hiyo alimpa ahadi ya fedha kidogo na kutajwa katika tabaruku ya kitabu. Alipojaribu kuomba zaidi, barua iliyofuata ilitoka kwa wakili.

Shauri hilo halikufika mahakamani, na masimulizi hayo mawili hayakuwahi kupatana. Matokeo yake hata hivyo hayana ubishi. Contraband haikuchapishwa. Bradley alifunga mlango kwa hadithi za mashabiki, na majarida yao yakakosa baraka yaliyokuwa yakiishi kwayo. Mamia ya watu ambao hawakuhusika na ugomvi wakajikuta nje ya ua waliousaidia kuupanda.

Habari zilienea haraka. Waandishi wengi wa Marekani walianza kukataa kabisa kusoma hadithi za mashabiki wao, na mawakili walitaja kisa cha Darkover kama onyo. Hadi leo, mwandishi mkubwa akikurudishia hadithi yako bila kuifungua, usidhani ni dharau. Pengine anaogopa kuambiwa baadaye kwamba ameiba wazo lako.

Jina la mwenye nyumba

Bradley alifariki dunia mwaka 1999. Ulimwengu wake haukufa naye, kwa sababu Deborah J. Ross, mmoja wa waandishi waliokuwa wameandika katika mikusanyiko yake, aliendelea kutoa riwaya za Darkover kwa makubaliano na wasimamizi wa mirathi.

Lakini mwaka 2014 ulileta pigo jingine. Binti wa Bradley alitangaza hadharani kwamba mama yake alimfanyia ukatili wa kingono alipokuwa mtoto. Wasomaji wengi waliviondoa vitabu vyake katika rafu zao. Kampuni ya Gollancz ya Uingereza iliamua mapato yake kutokana na vitabu hivyo vya kielektroniki yaende kwa shirika la Save the Children.

Kwa waliowahi kuandikia Darkover, hilo lilikuwa na uzito wa pekee. Hadithi zao za ujana, ambazo hazikuwa na kosa, zilikuwa zimefungwa pamoja na jina la mtu mwingine. Anayejenga katika kiwanja cha mwenzake hugawana naye sifa njema, na siku ya fedheha nayo hugawana.

Njia nyingine ipo

Si kila ulimwengu wa pamoja umeishia pabaya. Anne McCaffrey, mwandishi wa riwaya za majoka wa Pern aliyehamia Ireland mwaka 1970, aliziruhusu klabu za mashabiki kwa masharti: wabuni wahusika wao na makazi yao, lakini wasiwaguse wahusika wake. Wapo walionung'unika kwamba masharti yalikuwa magumu, ila kila mtu alijua mpaka uko wapi.

Eric Flint alikwenda mbali zaidi. Baada ya riwaya yake 1632, iliyotoka mwaka 2000 na kuhusu mji mdogo wa Marekani unaojikuta katika Ujerumani ya karne ya 17, mashabiki walimiminia mawazo. Badala ya kuwafukuza, alianzisha jarida la Grantville Gazette, akapokea hadithi zao, zikahaririwa na kulipiwa kwa utaratibu ulioandikwa.

Hata hapo mambo yalimtegemea mtu mmoja. Flint alifariki Julai 2022, na jarida hilo likafungwa mwaka huohuo. Mashabiki hawakukata tamaa, kwani mwaka 2023 jarida jingine la ulimwengu huohuo lilianza.

Kabla hujatuma hadithi yako

Ikumbukwe kwamba sheria haiko mbali nasi. Mkataba wa Berne unaolinda kazi za waandishi unazibana nchi zetu pia: Rwanda tangu mwaka 1984, Kenya 1993, Tanzania 1994 na Burundi 2016. Kwa mujibu wa mkataba huo, kazi hulindwa tangu inapoandikwa, bila kusajiliwa kokote, na ulinzi haupungui miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi. Hadithi yako ikivuka mpaka kwenda nchi nyingine mwanachama, haki yako inavuka nayo.

Kinacholindwa ni maandishi yako. Wazo tupu halilindwi. Na ukitumia wahusika wa mwandishi aliye hai, sehemu ya hadithi hiyo si yako, hata kama kila sentensi ni jasho lako.

Kwa hiyo kijana au mtu mzima anayealikwa kuandikia jarida la klabu, liwe la shule, la kanisa, la mtaa au la nchi ya mbali, aulize mambo machache. Nani mwenye ulimwengu huu? Ameruhusu kwa maandishi au kwa maneno tu? Hadithi yangu ikichapwa tena katika kitabu, nitalipwa? Naweza kumchukua mhusika niliyembuni mwenyewe nikamtumia kwingine? Mwenye mali akifa au klabu ikivunjika, kazi yangu inabaki kwa nani?

Atunze pia nakala yake yenye tarehe, pamoja na kila barua aliyopokea. Wafanyabiashara wa mpakani hawahitaji kufundishwa hili. Hawampi mwenzao magunia 10 ya mchele avuke nayo bila kuandika popote, hata kama wamekula sahani moja tangu utotoni.

Kushirikiana kuandika ni jambo jema, na Darkover yenyewe ni ushahidi kwamba shabiki anaweza kuingia kama msomaji akatoka kama mwandishi. Kilichokosekana kule ni karatasi. Wahenga walikwishatuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na hadithi nayo ni mali.